Ulimi wa Kuazima

Mbaazi zilinishinda mwaka wangu wa kwanza Malindi. Nasema zilinishinda bila haya, maana nimezaliwa bara, kwa watu wanaozijua mbaazi kuliko wanavyowajua samaki, na kama kuna kitu nilikuja nacho pwani kwa kiburi, ni kupika mbaazi. Kwetu tulizichemsha pamoja na mahindi, tukatia chumvi, na kitunguu siku kilipokuwapo, tukala tukashiba. Kumbe huku mbaazi ni mambo mengine. Zinalowekwa usiku kucha, zinachemshwa hadi zilegee, zinatiwa tui jepesi na kitunguu na pilipili mbichi na bizari kidogo, na mwisho kabisa ndipo linapomiminwa tui zito, lile la kwanza kukamuliwa, wenyewe wakiliita kasimile. Hilo huligeuzii mgongo hata kidogo. Ukiacha kulikoroga linakatika, na sufuria yako inabaki na maji upande huu na mafuta upande ule. Mimi nililigeuzia mgongo mara nyingi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo huko kwenye kiwanda cha chumvi, Gongoni. Juma zima alilala huko, Jumamosi akarudi na mfuko wa kaki uliojaa chumvi ya mawe, na suruali iliyokauka kwa chumvi hadi inasimama yenyewe. Tulipanga chumba kimoja mji wa kale, katika nyumba ya mama mmoja mjane. Upande wa pili alikaa yeye na mwanawe wa kiume, na mkaza mwana wake, yaani mke wa huyo mwanawe, na wajukuu wawili wadogo. Ua ulikuwa mmoja. Jiko lake lilikuwa kwenye kibanda cha makuti upande wa kisima, na langu, seredani moja ya makaa, lilikuwa mlangoni pangu.

Nilimwita Mama, kama alivyoitwa na mtaa mzima. Hakuwa mtu wa maneno ya asali. Siku ya kwanza alipochungulia sufuria yangu na kuliona tui lililokatika, alisimama mkono kiunoni akaniuliza, "Mwanangu, hili tui umeligombeza?" Kisha akaketi kwenye mbuzi, ile ya kukunia nazi, akavunja nazi yake mwenyewe, akanionyesha tangu mwanzo. Nilikasirika siku ile, nikajifungia chumbani nikala mbaazi zake peke yangu. Nilizimaliza zote, nikapangusa bakuli kwa kipande cha hamri.

Chakula chake kilikuwa cha kawaida tu, na hilo ndilo ningependa lieleweke. Sikumwona hata siku moja akipika kitu cha kuogopesha. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali na mchicha au kunde, jioni muhogo wa nazi, au viazi vya nazi, au mkate wa kumimina uliookwa kwa makaa chini na makaa juu. Alasiri, wajukuu wakisumbua, alisaga kunde akakaanga bajia, na harufu ile ya kitunguu na giligilani kwenye mafuta ya moto ilikuwa ikinitoa chumbani hata nikiwa na homa. Lakini majirani walipotaka kumsifu mpishi mwingine walisema, anamkaribia mama yule. Kumkaribia tu, zaidi ya hapo hawakwenda.

Ramadhani yangu ya kwanza pale ilipoingia, aliniita alasiri moja kutoka jikoni.

"Mwanangu, wewe hufungi. Njoo unionjee munyu."

Munyu ndiyo chumvi. Kwetu pia tunaiita munyu, na kulisikia neno la mama yangu mzazi kinywani mwa mtu wa pwani kulinifanya nisimame pale mlangoni nikitabasamu kama mjinga. Nilikuwa mpweke sana miezi ile. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu.

Nilifahamu baadaye kwamba aliyefunga ana ruhusa ya kugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi akatema, na wake wa mtaani walifanya hivyo bila wasiwasi. Mama hakutaka. Alisema funga yake haina mlango wa uani. Wajukuu nao hawakufaa kuonja, kwa kuwa kila kitu walikiita kitamu ili wapewe kingine. Kwa hiyo nilishika mwiko, nikaonja, nikasema, "Iko sawa."

"Sawa si jibu. Munyu umekolea, ama bado, ama umezidi?"

Nikaonja tena. Ulimi wangu ulikuwa wa bara, wenye kutosheka na kidogo, na ilibidi aufundishe kazi. Alinifundisha kuisubiri ile chumvi ya mawe iyeyuke kwanza, kwa maana hujificha, ukidhani haijatosha unaongeza, na wakati wa kupakua yote inajitokeza. Alinifundisha kwamba tui la moto hudanganya, na lililopoa kidogo husema kweli. Hadi mwezi unaandama nilikuwa mtu mwenye cheo uwani pale. Sikukuu akanitunukia leso, jozi nzima, mbele ya wageni wake.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Ramadhani ilikuwa imepita, kila mtu anakula mchana, na ulimi wake alikuwa nao mwenyewe. Lakini kibakuli kiliendelea kuja. Siku moja viazi, siku nyingine kunde. "Onja mwanangu, uniambie." Nami kwa majivuno nikafikiri ameshindwa kuishi bila maoni yangu.

Kisha ikaja jioni ya muhogo. Aliniita niuonje ungali jikoni. Nilitia kijiko kimoja mdomoni nikakimbilia maji.

"Mama, hapa Gongoni yote imeingia."

Nilingoja anicheke au anitukane. Aliketi polepole juu ya mbuzi, mwiko mkononi, akautazama mlango wa nyumba kuhakikisha hakuna mtu.

"Ulimi wangu umekufa," akasema. "Tangu homa ile iliyonilaza kabla nyinyi hamujahamia hapa. Niliamka mzima wa viungo vyote, ila huu. Nikila halua, nikila udongo, ni mamoja. Harufu nasikia kwa mbali, munyu sisikii kabisa. Napika kwa mazoea, na mazoea nayo siku hizi yanipotea."

Nikamwambia pole. Nikamwambia si jambo kubwa, mkaza mwana yupo, atasaidia. Hapo ndipo aliponikata jicho ambalo sijalisahau.

"Akijua, atasema kwa adabu, Mama pumzika sasa. Na mwanangu ataitikia, ndiyo Mama, pumzika. Nami nitapumzika. Nitakaa barazani nipepewe, niletewe sahani, niseme ahsante. Jiko hili ndilo lililobaki langu. Nyumba ni ya watoto, mume keshakwenda, wajukuu wana mama yao. Wakinitoa hapa watakuwa wamenizika ningali napumua."

Niliapa palepale kwamba sitasema. Na kuanzia jioni ile nikamwona mkaza mwana kwa jicho jingine. Alikuwa mwanamke mtulivu, mrefu, mwenye macho yanayoona kila kitu na mdomo usiosema kitu. Kila siku alasiri alisimama mlangoni pa jiko akauliza, "Mama, nikusaidie?" Kila siku alijibiwa, "Kawasaidie wanao." Naye akaondoka bila kununa. Zamani niliona ni adabu tu. Sasa niliona ananyemelea. Nilimchukia kwa niaba ya mwingine, chuki ambayo haina gharama na ndiyo maana mtu huifurahia.

Tukabuni njia. Chakula kilipokaribia kuiva, mimi ningekuja na kifuniko cha bati kuazima kaa la moto la kuwashia seredani yangu. Huo ulikuwa ujirani wa kawaida, hakuna wa kuuliza. Nikiinama kuchukua kaa, Mama angenipa mgongo kuwazuia walio uwani wasione, nami ningeonja. Kisha ningesema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Moto umekolea, Mama!" Maana yake chumvi imetosha. Au, "Moto bado, Mama," naye akaongeza. Na siku mkono ulipomponyoka ningesema, "Eh, moto wa leo ni mwingi," naye angekamua tui jingine au kutupia kiazi kibichi ndani ya sufuria.

Tuliishi hivyo mwaka mzima na ushee, na nakiri nilifurahi. Mume wangu akirudi Jumamosi alinikuta nikinukia nazi na vitunguu, nikiongea Kiswahili chenye kona zake zote. Sahani za Mama ziliendelea kwenda kwa majirani na sifa ziliendelea kurudi. Krismasi yangu alinikaangia mahamri beseni zima nipeleke kanisani, na watu wa bara waliokuwa wamezoea mkate wa dukani walinizunguka pale nje kama nimeleta habari ya mbinguni. Nilijiambia kwamba bila ulimi wangu mimi, jiko lile lingekuwa limekwisha kuanguka. Nilitembea uwani kwa maringo kidogo.

Ramadhani yangu ya tatu pale, habari ikaja kwamba shangazi za mkaza mwana watakuja kufuturu. Walikuwa wanawake wa Mambrui, wazee, wenye mabuibui meusi na maneno machache, na ndio waliomlea mkaza mwana. Mmoja wao alijulikana kwa kusukuma sahani mbele kwa kidole kimoja asipopendezwa. Mama alikwenda sokoni mwenyewe. Alichagua muhogo kwa kuukwaruza ganda kwa kucha, akachagua nazi kwa kuzitikisa sikioni, na tangu adhuhuri hakutoka jikoni. Kulikuwa na muhogo wa nazi, mbaazi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, kaimati, na uji mwepesi wa kufungulia.

"Leo usicheleweshe moto wako," aliniambia kwa sauti ya chini. Kama muhogo ule ungetoka chapwa au ungetoka uchungu kwa chumvi mbele ya wanawake wale, hakuna ambaye angehitaji kuambiwa kitu. Jioni hiyohiyo angepewa kiti barazani.

Mimi nami siku ile sikuwa mzima. Kwa siku kadhaa kinywa changu kilikuwa na ladha ya chuma, kama mtu aliyeng'ata funguo, nikadhani ni malaria inakuja. Jua lilipoanza kulegea nilichukua kifuniko changu nikaenda. Nikaonja muhogo. Chuma. Nikaonja mbaazi. Chuma. Nikanywa maji, nikasukutua, nikaonja tena.

"Vipi?" Mama akauliza.

"Mama, sijui."

"Hujui nini? Umekolea ama bado?"

"Sisikii kitu. Kinywa changu kimeharibika."

Alinitazama, nikamtazama. Kwa kawaida saa ile yeye huwa amekwenda kutawadha na kubadilisha leso, sufuria zikibaki zimefunikwa jikoni peke yake. Siku ile hakuweza kuondoka, wala mimi. Tulisimama kando ya sufuria zile kama askari wawili waliosahau wanalinda nini. Nje tulisikia wageni wakibisha hodi, mwanawe akiwakaribisha, mabuibui yakipita ukumbini. Mama alishika kopo la chumvi, akaliweka chini, akalishika tena. Midomo yake ilikuwa ikisogea bila sauti, nadhani alikuwa akiomba.

Mkaza mwana akaingia. Safari hii hakusimama mlangoni wala hakuuliza kama asaidie. Alichukua mwiko mkononi mwa mama mkwe wake, akachota mchuzi wa muhogo, akaupuliza, akaonja na kumeza. Kwamba amemeza mchana wa Ramadhani, sote tulikuwa wanawake, hapakuwa na la kuelezana.

"Munyu bado, Mama," akasema. Akatia chumvi kwa vidole, akakoroga, akasubiri iyeyuke, akaonja tena. Akaenda kwenye mbaazi. "Hizi zimekolea." Akafunua samaki, akalamba ncha ya kijiko. "Ndimu kidogo tu."

Nilimwona Mama akishika ukingo wa meza.

"Tangu lini?" akauliza hatimaye.

"Tangu homa," akasema mkaza mwana.

"Kila siku?"

"Kila siku. Ukienda kutawadha, ndipo naingia. Nikifunga, naonja kwa ncha ya ulimi natema. Leo hukwenda, nikaona nikikaa ukumbini tutaaibika sote." Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka. "Na wewe dada, siku zote nakuhurumia. Unakuja kuazima moto na seredani yako inawaka, moshi unauona mtaa mzima."

Nilitamani kisima kile kinimeze. Mwaka mzima na ushee wa majivuno yangu! Nikamuuliza kama nilikuwa nikikosea. Akasema si sana, mara mojamoja, watu wa bara munyu mnauogopa, alikuwa akiongeza kidogo nikishatoka.

"Na kwa nini hukusema?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ya ukali, lakini macho yalikuwa yamejaa. "Kwa nini hukumwambia mumeo? Jiko lingekuwa lako zamani."

Mkaza mwana aliuweka mwiko chini. Alikuwa akiangalia makaa, si sisi.

"Mimi mama yangu alikufa sijamaliza meno ya utotoni. Shangazi zangu walinilea vizuri, Mungu awalipe, lakini tangu ninajua kushika mwiko, mimi ndiye niliyepika. Nilipoolewa hapa, asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta umeniwekea mahamri yamefunikwa kwa kawa, ya moto. Hakuna aliyewahi kuamka kabla yangu akanipikia. Jiko nitalifanyia nini, Mama? Mimi nataka kupikiwa."

Mama akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akapenga kamasi, akauchukua tena mwiko wake.

"Basi toka jikoni kwangu," akasema. "Kalete sinia. Na wewe," akanielekezea mwiko mimi, "kaketi kitako. Kinywa cha chuma hicho si malaria. Nimezaa, nakijua. Wewe una mimba."

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa habari ya mtoto wangu wa kwanza, kati ya sufuria ya muhogo na sufuria ya mbaazi. Adhana ya magharibi ilisomwa nikiwa nimeketi juu ya mbuzi nikilia bila kujua nalilia lipi. Shangazi wa kidole kimoja alikula muhogo, akaomba tena, akauliza nani amepika. Mkaza mwana akajibu kabla ya mtu mwingine yeyote, "Mama."

Baada ya hapo hatukujificha tena sisi watatu, tuliwaficha wengine tu. Sikuacha kwenda kuazima moto. Mtoto wangu alizaliwa, akaanza kutembea uwani mle, na chakula chake cha kwanza baada ya ziwa kilikuwa viazi vya nazi vilivyopondwa kwa mkono wa Mama. Mwaka uliofuata mume wangu akapata kazi Kilifi, tukahama. Niliondoka na leso zangu, kifumbu cha kuchujia tui alichonipa, na ile kazi ya kuonja nikaiacha mikononi mwa mwenyewe, mkaza mwana.

Muongo ule haujaisha nilipoletewa habari kwamba Mama amefariki. Nilifika asubuhi ya siku ya pili, nikapita ukumbini nikiwapa mkono wanawake waliokaa mikekani, nikatoka moja kwa moja hadi uwani. Kibanda cha makuti kilikuwa palepale. Mkaza mwana alikuwa jikoni peke yake, sufuria kubwa ya mbaazi mbele yake kwa ajili ya watu wa matanga, akikoroga tui bila kuinua macho. Nilimshika bega. Hakulia. Alichota mchuzi kwa mwiko, akaupuliza, akaunyoosha kwangu.

"Nionjee, dada."

Haikuwa Ramadhani, na ulimi wake ulikuwa mzima kuliko wangu. Nikaonja. Chumvi ilikuwa pungufu, alivyokuwa akiipunguza Mama siku alizokuwa na mawazo mengi, na nazi ilikuwa tamu.

"Moto bado, Mama," nikamwambia.

Ndipo alipolia. Kisha akanyoosha mkono akachukua kopo la chumvi.